Kodi Itajwayo na Kodi Ilipwayo

Atokaye Mwembe Tayari akaingia Majengo kwa miguu, akapenya vichochoro badala ya kufuata barabara kuu, ataona Mombasa mbili zimesimama bega kwa bega. Huku kuna nyumba ya Kiswahili ya zamani: baraza mbele, ukumbi wa katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma, na paa la mabati yaliyoshika kutu. Huku kuna jengo la orofa tano au sita, limepakwa rangi mpya, na langoni kumetundikwa kibao cha kutangaza nyumba za kupangisha. Kila mwaka zile za kwanza zapungua na hizi za pili zaongezeka. Familia nyingi za Kiislamu za kisiwani zinahama kutoka zile kwenda hizi, ama kwa kupenda, ama kwa sababu nyumba waliyokuwa wakikaa imevunjwa.

Katika maswali niletewayo baada ya darsa za kinamama, zamani mengi yalikuwa ya talaka na mirathi. Hayo bado yapo, illa siku hizi suala la kodi ya nyumba limeingia ndani ya yote mawili. Mume na mke hawakosani kwa ajili ya mwanamke mwengine. Wamekosana kwa ajili ya tarehe tano ya mwezi. Ndugu hawagombanii shamba la marehemu, kwani hakuacha shamba. Wagombania dipoziti iliyo kwa mwenye nyumba.

Nimelitazama jambo hili kwa muda, na nimeona kwamba chanzo cha mashaka mengi ni kimoja. Ile bei anayoitaja dalali si bei ya nyumba. Ni mlango tu wa bei ya nyumba. Familia hukubali kwa kuitazama bei itajwayo, kisha huishi ndani ya bei ilipwayo, na baina ya hizo mbili ndipo lilipo deni, ugomvi na, Mungu atuepushe, kuvunjika kwa ndoa.

Na tufanye hesabu. Nitatumia tarakimu za mfano, wala sisemi kwamba ndiyo bei ya soko. Msomaji atazibadili kwa zile azijuazo mwenyewe. Tuseme ni fleti ya vyumba viwili vya kulala na sebule, orofa ya tatu, na kodi yake ni shilingi 18,000 kwa mwezi. Mume amefanya hesabu ya mshahara wake akaona 18,000 anaziweza. Kabla ya kupewa ufunguo atatakiwa kodi ya mwezi wa kwanza, 18,000, na dipoziti ya mwezi mmoja, 18,000 nyengine. Dalali ataka haki yake, tuseme nusu ya kodi, 9,000. Dhamana ya maji na umeme, 3,000. Gari la kuhamisha vitu na vijana wa kupandisha kabati na kitanda hadi orofa ya tatu, 4,000. Jumla ni shilingi 52,000. Mtu aliyeweza 18,000 ametakiwa kodi ya karibu miezi mitatu kabla hajalala usiku mmoja.

Zatoka wapi? Kwa niliyoyasikia, hutoka mahali patatu. Hutoka katika mchezo wa mke, yaani zamu yake ya kupokea huombwa iletwe mbele. Hutoka katika dhahabu yake. Au hutoka katika mikopo ya simu, ambayo mtu akopa 10,000 leo akarudisha zaidi ya 10,000 mwezi ujao, na ile ziada ni riba hata ikiitwa ada. Hapa tayari nyumba imeingia kwa mlango mbaya, na wenyewe hawajapata hata kutundika pazia.

Basi wamekwisha ingia. Mwezi wa pili hudhani kwamba mazito yamepita, na kwamba sasa ni 18,000 tu. Lakini jengo lina gharama zake: mlinzi, mzoa taka, taa za ngazi, pampu ya kupandisha maji. Tuseme 1,500. Kisha maji yenyewe.

Kuhusu maji yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Mombasa ni kisiwa kisicho na mto. Maji yake ya bomba yatoka mbali: chemchemi za Mzima zilizoko Tsavo, ambazo bomba lake lilijengwa katika miaka ya 1950, Baricho katika kaunti ya Kilifi, kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi katika kaunti ya Kwale. Hakuna hata moja katika hizo iliyo ndani ya kaunti yetu. Mji umekua mara nyingi kuliko maji yake, na kwa hiyo mifereji hukauka kwa siku kadhaa, na mikokoteni ya mitungi hupata kazi. Majengo mengi mapya yamechimba visima, lakini maji ya kisima cha kisiwani mara nyingi yana chumvi. Yafaa kuoshea choo na sakafu, hayafai chai, na nguo nyeupe huzifanya rangi ya majani makavu.

Sasa mchukuzi wa maji hutoza mtungi mmoja kwa bei ya chini akikuletea mlangoni kwa ardhini, na bei nyengine akipanda ngazi. Tuseme shilingi 30 kwa mtungi orofa ya tatu. Familia ya watu sita, kwa kubana sana, haikosi kutumia mitungi minane kwa siku. Hizo ni 240. Mferji ukikauka siku 15 kwa mwezi, ni shilingi 3,600. Tukijumlisha kodi, gharama za jengo na maji tumefika 23,100, na hatujataja tokeni za umeme, wala feni inayozunguka usiku kucha kwa sababu saruji ya orofa ya juu hufyonza jua mchana na kulitoa usiku.

Tofauti baina ya 18,000 na 23,100 ni 5,100. Kwa mwaka ni 61,200, yaani kodi ya zaidi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba ahesabu mwaka wa miezi kumi na miwili. Mpangaji alipa mwaka wa miezi kumi na mitano, na bado siku kadhaa.

Wako watakaosema: kama ni hivyo, si heri kuhama kisiwani tukaenda Kisauni, Bamburi au Likoni, ambako kodi ni nafuu? Huenda ikawa heri. Lakini nako kuna hesabu. Baba afanyaye kazi mjini na watoto wawili wasomao kisiwani, kila mmoja akilipa shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, ni 300 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 6,600. Nyumba iliyopungua kodi kwa shilingi 6,000 imekuwa ghali zaidi ya ile uliyoikimbia. Anayevuka Likoni kwa miguu halipi feri, na hiyo ni nafuu kubwa, ila alipa kwa saa zake, na mtoto afikaye nyumbani baada ya magharibi amekosa chuo cha jioni. Atakayehama na ahame pamoja na shule na chuo, ndipo nafuu itakapoonekana.

*Kwa nini zamani ilikuwa rahisi*

Wazee hupenda kusema kwamba zamani watu walikuwa na huruma, ndiyo maana kodi ilikuwa ndogo. Huruma ilikuwapo, sikatai. Lakini kulikuwa na sababu nyengine ambayo vijana wengi hawaijui.

Sehemu kubwa ya Majengo na mitaa ya jirani ilijengwa kwa utaratibu uitwao nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi alikodisha kiwanja, na mtu mwengine akajenga nyumba juu yake, akawa alipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba ni yake, ardhi si yake. Kwa kuwa ardhi haikununuliwa, na kwa kuwa kuta zilikuwa za udongo na boriti za mikoko, nyumba yenyewe haikuwa ghali kujenga. Mwenye nyumba, mara nyingi mwanamke mjane au mzee aliyewekeza akiba yake yote hapo, alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, chumba kimoja kimoja. Mpangaji hakupanga nyumba. Alipanga chumba, na choo na uani vikawa vya shirika. Hiyo ndiyo siri ya kodi ndogo.

Udhaifu wa utaratibu huo ulikuwa uleule uliokuwa nguvu yake. Ardhi ilipopanda bei, mwenye ardhi au warithi wake waliuza, na aliyenunua hakuhitaji nyumba za udongo. Mwenye nyumba hupata fidia ndogo, au hupata mabishano. Mpangaji wa chumba hapati kitu. Kisha husimama ghorofa, na aliyeijenga amenunua ardhi, amenunua saruji na chuma, na mara nyingi ana deni la benki. Mtu huyo hawezi kutoza kodi ya chumba cha udongo hata akiwa na moyo wa dhahabu. Nayasema haya kwa sababu si haki kumfanya kila mwenye nyumba kuwa Qaruni. Wengi wao ni wastaafu na wajane ambao kodi hiyo ndiyo chakula chao.

Lakini kuna kilichopotea ambacho hakuna aliyekitia katika hesabu, na kilichokipoteza ni wanawake. Uani na baraza havikuwa mahali pa kupumzikia tu. Vilikuwa duka. Mwanamke aliamka kabla ya alfajiri, akakanda unga uani, akachoma mahamri, na jua likichomoza ameketi barazani kwake, na buibui lake, anauza mahamri na mbaazi bila kuvuka barabara. Jioni viazi vya karai na bajia. Ramadhani kaimati na sambusa. Wengine walishona kofia huku wakiangalia watoto wa nyumba nzima.

Katika fleti hayo hayawezekani, au huwezekana kwa taabu. Mkataba wakataza jiko la makaa kwenye roshani. Jirani wa juu alalamikia moshi na harufu ya mafuta. Mteja wa hamri la asubuhi hapandi orofa ya tatu, na mume mwenye ghera hataki wateja wabishe hodi mlangoni pake. Tuseme mama huyo alikuwa akipata faida ya shilingi 400 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Ni 10,000. Kuhamia fleti kumemgharimu 10,000 kila mwezi ambazo haziko katika risiti yoyote. Nimewahi kumsikia mume akimlaumu mkewe kwamba tangu wahamie nyumba nzuri amekuwa mvivu na hachangii tena. Hakuwa mvivu. Alinyang'anywa duka lake, na aliyelinyang'anya alidhani anampa zawadi.

Kwa hiyo nasisitiza kwamba nyumba isichaguliwe na mume peke yake kwa kuipita jioni akitoka kazini. Mke na aende, na aende mchana, maana ni yeye atakayeishi humo saa nyingi. Yeye ndiye atakayejua kama dirisha la jikoni lakabiliana na dirisha la wanaume wa jengo la pili, kama nguo zaweza kuanikwa pasipo kuonekana na mtaa mzima, kama kuna mahali pa kuweka mapipa ya maji, na kama mama mkwe mwenye magoti mabovu ataweza ngazi. Stara nayo ina thamani. Mtu aliyelazimika kufunga madirisha mchana kutwa kwa ajili ya stara amenunua joto, na joto hulipiwa kwa tokeni.

*Fedha ni ya nani?*

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, ameeleza katika Minhaj at-Talibin, kitabu ambacho vyuo vyetu vya pwani vimekisomesha kwa vizazi, kwamba mke ana haki ya maskani inayomstahili, wala si sharti maskani hayo yawe milki ya mume. Nyumba ya kupanga yatosha. Maana yake ni mbili. Ya kwanza, mke hawezi kumwambia mumewe kwamba hakutimiza wajibu kwa kuwa hakujenga. Ya pili, ambayo waume huisahau upesi, ni kwamba kodi ni juu ya mume. Mke tajiri, mke mwenye mshahara, mke mwenye mchezo, hana wajibu wa kulipa hata shilingi moja ya kodi.

Akichangia, amefanya wema, na maisha ya mjini leo hayaendi bila wema huo. Lakini wema una jina. Ni sadaka au ni mkopo, na jina hilo lataka kutajwa siku ya kutoa, si siku ya kugombana. Nilijiwa na mwanamke mmoja aliyeuza bangili zake mbili ili ipatikane dipoziti na kodi ya kwanza. Risiti iliandikwa jina la mume. Baada ya miaka mitatu wakaachana. Mume akaenda kwa mwenye nyumba akachukua dipoziti, na mwenye nyumba hakuwa na kosa, kwani jina lililoko katika karatasi ndilo alilolijua. Mwanamke alisema ulikuwa mkopo, mwanamume akasema ulikuwa msaada, na hapakuwa na shahidi ila kuta. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kushuhudisha. Haikusema isipokuwa baina ya mume na mke. Kuandika si kutoaminiana. Ni kuilinda ile imani isije ikajaribiwa.

Dipoziti yenyewe hukmu yake wengi hawaifikirii. Wenye nyumba wengi huipokea, huitumia, kisha mpangaji akihama huambiwa asubiri mpangaji mwengine aje na dipoziti yake. Fedha ile si mali ya mwenye nyumba. Akiitunza ni amana mkononi mwake. Akiitumia imekuwa deni juu ya shingo yake, na deni hulipwa wakati wake, si wakati atakapopatikana mtu mwengine wa kulibeba. Na kuhusu kuikata kwa ajili ya rangi na matengenezo, fiqhi iko wazi: mpangaji mkono wake ni mkono wa amana. Alichokiharibu kwa kukusudia au kwa kuzembea hulipa. Kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida, rangi iliyofifia, kitasa kilicholegea kwa miaka, hicho si juu yake. Hicho ndicho alichokilipia kodi.

Kadhalika faini ya kuchelewa. Mikataba mingi huandika kwamba mpangaji akipitisha tarehe fulani ataongezwa kiasi fulani kwa kila siku. Kodi iliyokwisha lazimu ni deni, na ziada juu ya deni kwa sababu ya kucheleweshwa ni riba. Mwenye nyumba Mwislamu na atafute njia nyengine ya kujilinda, kama kuandika mapema kwamba baada ya miezi fulani ya kutolipa mkataba hautahuishwa. Na aliye katika dhiki ya kweli Mwenyezi Mungu ameamrisha apewe muda hadi apate wasaa. Hiyo ni katika sura hiyo hiyo, aya ya 280. Kuna hadithi ambayo wenye nyumba huipenda mno, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliombwa awawekee watu wa Madina bei, naye akakataa. Ni hadithi sahihi. Lakini alikataa kwa kuchelea kukutana na Mola wake akiwa amemdhulumu mtu, na mwenye kuitoa hoja hiyo na aitoe yote.

*Mkataba wa mwaka na eda*

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ijara, yaani mkataba wa kukodisha, haivunjiki kwa kufa kwa mmoja wa waliofunga mkataba. Aliyepanga nyumba kwa mwaka akafariki mwezi wa tano, warithi wake wana haki ya nyumba ile hadi mwaka utimie, na kodi iliyobaki ni katika mali aliyoiacha. Lakini wengi wetu hatupangi kwa mwaka. Twapanga kwa neno la mdomo, kila mwezi kwa kiasi fulani, bila kutaja mwisho. Mkataba wa namna hiyo wanavyuoni wetu wa Kishafii hawakuusahihisha, kwa kuwa muda wake haujulikani, ijapokuwa wa madhehebu nyengine wamekuwa na wepesi.

Tazama sasa faida ya ule ukali. Mwanamke aliyefiwa na mumewe akaa eda miezi minne na siku kumi, na yampasa akae katika nyumba waliyokuwa wakiishi. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba maskani yake katika muda huo hutolewa katika mali ya marehemu. Aliyeachwa naye, kama ilivyo katika Suratut Talaq, hatolewi nyumbani wakati wa eda yake. Lakini haki hiyo huikuta nyumba iliyopangwa kwa mdomo, na mwenye nyumba ambaye mkataba wake ulikuwa na mtu aliyekwisha zikwa. Nimewaona wajane waliohamishwa katikati ya eda, godoro kichwani mwa mtoto, kwa sababu hapakuwa na karatasi yenye kusema mwaka. Mwenye nyumba alidai haki yake, naye hakuwa ameahidi chochote. Karatasi moja ingewafaa wote wawili: mjane angepata miezi yake, na mwenye nyumba angejua kodi ya miezi hiyo aidai wapi.

Ndugu wa marehemu nao wasisahau. Kabla ya kugawana mirathi, kodi ya eda itengwe. Nimeona ndugu wakigawana dipoziti wakati mjane bado yumo ndani.

Sheria ya nchi nayo ina sehemu yake, ingawa ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Iko Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, yenye baraza lake maalumu, lakini yalinda nyumba ambazo kodi yake ya kiwango haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zama nyengine, na fleti za leo ziko nje yake. Kwa zilizobaki, mkataba wenyewe ndio ngao, pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo chini yake upangaji wa mwezi hadi mwezi husitishwa kwa ilani isiyopungua mwezi mmoja. Mpangaji asikubali kuambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu ahame. Na mwenye nyumba asitie kufuli mlango wa mtu. Kuna mahakama, na hata kukamata mali kwa ajili ya kodi hufanywa na dalali wa mnada mwenye leseni.

Jambo dogo la lugha limeleta udhia wake. Sisi twaita kodi kile mpangaji ampacho mwenye nyumba, na twaita kodi kile mwenye nyumba aipacho serikali. Tangu mwaka 2016 mapato ya nyumba za kupanga yamewekewa ushuru wa asilimia 10, na kuanzia Januari 2024 ukapunguzwa kuwa asilimia 7.5, kwa mwenye kupata zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka. Ushuru huo ni juu ya mwenye nyumba. Akipandisha kodi ndani ya mwaka wa mkataba kwa kusema serikali imepandisha kodi, aulizwe ni kodi ipi, na kwamba ile iliyoandikwa haibadiliki hadi muda wake uishe. Muda ukiisha ni huru kutaka atakacho, na mpangaji ni huru kuhama.

Basi mwenye kupanga na apate karatasi, hata ikiwa ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili. Yaandikwe majina ya mume na mke wote wawili. Muda, na uwe mwaka. Kiasi cha kodi na tarehe yake. Gharama za jengo zikitajwa moja moja. Dipoziti ni kiasi gani, imetoka kwa nani, na itarudishwa mikononi mwa nani na ndani ya siku ngapi. Siku ya kuingia, kabla ya kabati kupita mlangoni, chukueni simu mpige picha kila chumba, kila ukuta wenye ufa, kila mferji unaovuja, na picha hizo mtumieni mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Na kabla ya yote hayo, siku ya kwenda kuitazama nyumba, mama na ashuke hadi orofa ya chini, abishe hodi kwa jirani, na akikaribishwa amuulize yeye, si dalali, maji hutoka siku gani.